Sifuri ya Swali la Mahindi

Siku niliyoingia darasani na gunia la magunzi kichwani, watoto themanini na tatu walinyamaza kwa mpigo, kama redio iliyoishiwa betri.

Mmoja akanong'ona, "Anauza?"

Siuzi. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kugombana.

Nivumilieni nisimulie yote, hata pale niliponywea. Mimi ni mkulima wa mahindi, na msimu ukiisha napukuchua mahindi ya watu kwa mikono. Viganja vyangu vimekuwa vigumu kama soli ya kiatu. Mume wangu ni fundi ujenzi, anafuata kazi ilipo, nyumbani tunamwona kwa msimu kama embe. Tuna mtoto mmoja, binti wa darasa la nne. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake hauna likizo.

Asubuhi hiyo Chiriku alikuwa ameshakwenda shule. Mimi niko uani nafua sare yake ya pili. Mkono ukagusa karatasi mfukoni.

Nikaichomoa kabla haijalowa. Jaribio la shule. Sehemu ya juu, pale panapoandikwa jina, imechanwa. Swali ni moja tu: "Taja matumizi kumi ya mahindi."

Na sifuri. Nyekundu, kubwa kama sahani.

Nikakaa juu ya ndoo nikaanza kusoma majibu.

"Magunzi tunawashia moto. Gunzi moja tumezibia chupa ya mafuta ya taa. Maganda tumejaza kwenye mto wa kulalia. Mabua tumezungushia bafu. Mabua mengine anakula ng'ombe wa jirani, halafu jirani anatupa maziwa. Pumba wanakula kuku. Nywele za mahindi bibi anachemsha anakunywa maji yake. Bibi anasugua nyayo kwa gunzi. Punje nilijifunzia kuhesabu. Unga ukipikwa unashiba."

Jamani, bafu langu ni la mabua! Chupa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi iko jikoni kwangu. Mto wa maganda nimeulalia mimi. Nikasema mtoto kaandika maisha yetu, neno kwa neno. Ni kweli bibi yake alishafariki miaka mitatu nyuma, lakini nikajiambia atakuwa amemkumbuka. Mtu mwenye hasira hakosi jibu.

Chini ya majibu, kwa wino mwekundu: "Haya hayamo kwenye kitabu. Soma kitabu!"

Chini yake tena, kwa wino wa buluu, herufi kubwa za kitoto: "GUNZI LIMEOTA MIGUU, LINAKUJA SHULE." Na mchoro wa mtoto mwenye kichwa cha gunzi, nywele zinaning'inia.

Hapo nikapandwa na mori.

Mwalimu kamdhalilisha mwanangu, wenzake nao wakamchora! Niliziacha nguo kwenye beseni, povu bado mikononi. Nikachukua gunia, nikajaza ushahidi: magunzi, maganda, mabua mawili niliyoyakunja, mahindi mabichi manne yenye nywele zake, na ile chupa.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Waliokutana nami walinipisha.

Mwalimu wa darasa la nne nilimkuta mlangoni. Binti mdogo tu, kalamu nyekundu ameipachika sikioni.

"Wewe ndiye uliyetoa hii sifuri?"

"Karibu mama, kwanza tu..."

"Sikuja kukaribishwa! Sifuri ya nini?"

Akaichukua karatasi, akaitazama, akakunja uso. "Mama, hii si ya..."

"Si ya kitabu! Nimesoma, umeandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri kabisa. Hicho kitabu kimewahi kushika jembe?"

"Nisikilize kidogo, huyu mtoto..."

"Huyu mtoto kasema kweli! Ungempa sifuri kwa uongo ningekushukuru!"

Mara tatu alifungua mdomo, mara tatu nikaufunga.

Mwalimu mkuu akaja mbio, miwani juu ya paji la uso. Nikamwaga malalamiko upya, kuanzia mwanzo, tena kwa sauti ya kuwafikia darasa la saba. Akasoma majibu. Nikaona midomo yake inataka kucheka, akaibana.

"Mama, mwongozo wa kusahihisha unataka maneno haya haya ya kitabu: chakula cha binadamu, chakula cha mifugo, wanga, mafuta ya kupikia, gundi..."

"Gundi! Wewe mkuu umewahi kuona gundi ya mahindi?"

Akajikuna kidevu.

"Na moto unaopikia chai yako hapo ofisini unawashwa kwa wanga?"

Akajikuna tena. Kisha akasema, "Basi ingia, uwaonyeshe watoto unachokijua. Dakika kumi."

Nadhani alitegemea nitaogopa. Hakunijua.

Nikaingia. Chiriku alikuwa dawati la mbele kabisa. Aliponiona, uso ukampauka. Nikadhani ni aibu ya sifuri. Nikamkonyeza: usiogope, mama yako amefika.

"Shikamoo mama!" darasa zima likasimama.

"Marahaba. Kaeni. Nani ameona shamba la shule hapo dirishani?"

Wakageuka. Mahindi yalikuwa ya manjano, membamba, yamebanana kama watu waliojikinga mvua kwenye baraza moja.

"Nani alipanda?"

"Sisi!"

"Mlikuwa mnapanda au mnalisha kuku?"

Wakaangua kicheko. Nikawaambia mahindi yakibanana yanagombania chakula kimoja, na mwisho yote yanalala njaa. Nikamsimamisha mmoja apige hatua moja ya mtu mzima sakafuni: huo ndio upana kati ya mstari na mstari. Magugu nayo ni wageni wasiobisha hodi. Ukichelewa kupalilia wiki mbili, shamba linakuwa lao, wewe ndiye mgeni.

Nikainua hindi bichi. "Hizi ni nini?"

"Nywele!"

"Za nini?"

"Za urembo!" akajibu mmoja.

"Za urembo kichwani kwako. Hapa kila unywele umeshika punje yake moja. Kule juu kwenye bua kuna mbelewele, inadondosha vumbi. Vumbi likigusa unywele, punje yake inajaa. Unywele usipoguswa, hapo panabaki pengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza."

Nikamenya pole pole wakaona. Wengine walipanda juu ya madawati. Hata mwalimu wao alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Nilimwona, lakini hasira haikuniruhusu kufurahi.

Nikatoa maganda, nikatoa mabua, nikatoa chupa. Kila kitu kikapita mkono kwa mkono. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini nikainua ile karatasi.

"Mwenzenu ameandika haya yote, akapewa sifuri. Na kuna mjinga humu ndani akamchora, akamwita Gunzi. Nani?"

Macho yakahamia sakafuni.

"Asimame!"

Hakuinuka mtu.

"Sawa. Mwalimu mkuu, nataka mzazi wa huyo mtoto aitwe leo hii. Nataka nimwone uso. Nimuulize, analea mtoto au anafuga nyani?"

Mwalimu akanisogelea. "Mama, tafadhali, twende nje tuzungumze."

"Sitoki! Mtoto hazaliwi na dharau, anaikuta nyumbani!"

Hapo ndipo dawati la nyuma kabisa likalia kwa mguno wa mbao. Msichana mmoja akasimama. Mdogo, mwembamba, sweta limeshonwa viwiko kwa uzi wa rangi nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyechora?"

"Hapana." Akameza mate. "Hiyo karatasi ni yangu. Naomba unirudishie. Bibi hajaiona."

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa.

"Yako?"

"Ndiyo. Ilichukuliwa kwenye dawati langu juzi."

"Nani aliichukua?"

Akainamisha kichwa. Hakutaja mtu.

Lakini watoto hawajui kuficha macho. Kichwa kimoja kiligeuka, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, mpaka darasa zima likawa linatazama dawati la mbele.

Linamtazama mwanangu.

Chiriku, msemaji wa ukoo, hakuwa na hata neno moja. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Karatasi yako wewe iko wapi?" nikamuuliza.

Aliyenijibu ni mwalimu, kwa upole ulionichoma kuliko tusi. "Yeye alipata kumi, mama. Aliandika kama kitabu kilivyo. Nilikuwa najaribu kukuambia pale mlangoni."

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Na yule mzazi uliyetaka aitwe," akasema, "naona ameshafika."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Gunia lilikuwa tupu miguuni pangu, na lingenitosha ningeingia humo.

Nilimtoa Chiriku nje kwa mkono. Mkono wangu mwingine ulishapanda juu, nakiri. Nikaushusha kwa sababu mwalimu alikuwa anatutazama, si kwa sababu ya busara.

"Kwa nini?"

"Walianza wengine, mama."

"Sikuulizi wengine."

Akalia mpaka kwikwi. Kisha ikatoka vipande vipande: "Alisoma majibu yake kwa sauti... Wakacheka bafu la mabua. Wakacheka chupa. Mama, vile vitu ni vya kwetu. Nikaogopa wakijua na sisi tuko hivyo hivyo. Ndiyo maana nikacheka kuwashinda wote, nikaichukua karatasi yake, nikachana jina, nikachora."

Hilo liliniuma kuliko mchoro.

"Lile bafu nililijenga mimi," nikamwambia, "kwa mikono hii, jua la saa saba, ili uoge bila mtu kukuchungulia. Leo unalionea aibu mbele za watu?"

Akajifuta kamasi kwa mkono wa sare.

Nikarudi kwa mwalimu. Hasira bado ilikuwa imenijaa, ila sasa nilijua sehemu yake kubwa ni ya nyumbani kwangu.

"Mwalimu, niwie radhi kwa makelele na kwa kukukatiza. Lakini ile sifuri siiombei radhi. Uliposema majibu yake si kitu, uliwapa na wao ruhusa ya kumcheka."

Akatazama viatu vyake. "Nilifuata mwongozo."

"Najua."

Akaichukua karatasi, akatoa kalamu sikioni. Akapiga alama za vema moja moja. Mwisho akaandika tisa.

"Tisa?" nikauliza.

"Ng'ombe na kuku ni jibu moja, mama. Chakula cha mifugo."

Nikafungua mdomo. Halafu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikaufunga mwenyewe.

Saa ya kutoka shule niliwasubiri wote wawili getini. Nikamwomba yule msichana atupeleke kwa bibi yake. Akanitazama muda mrefu, kisha akatangulia mbele.

Bibi tulimkuta kwenye mkeka anapepeta pumba. Macho yameshaanza kumwacha. Nilikuwa nimepanga maneno yangu: huyu mwanangu amemkosea mjukuu wako, tumekuja kuomba msamaha. Nilipofungua tu kinywa, msichana akanitikisia kichwa, kidogo sana. Hapana.

Nikaelewa. Bibi hakuwa anajua kwamba mjukuu wake anachekwa, na mjukuu hakutaka ajue.

"Bibi, nimepata tisa," akasema. "Huyu atakusomea."

Akamkabidhi Chiriku karatasi. Yale maandishi ya buluu alikuwa ameshayakunja kwa nyuma yasionekane.

Chiriku akasoma. Alisoma kila jibu kwa mdomo wake mwenyewe. Moto, mto, bafu, maziwa. Alipofika kwenye nywele za mahindi, bibi akaacha kupepeta.

"Nimo humo?"

"Umo mara mbili, bibi," Chiriku akajibu kwa sauti ya kukatika.

Yule bibi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mara mbili! Mimi ambaye sikuvuka mlango wa shule!" Akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha mwanangu, akakishika kwa mikono yote miwili. "Mungu akubariki kwa kunisomea. Mjukuu wangu, kumbe una rafiki mwema hivi, na hukuwahi kuniambia?"

Chiriku alifumba macho. Nimemchapa mara kadhaa maishani mwake, sikatai, lakini sijawahi kumwona ameumia kama alipokuwa anapokea ile baraka.

Msichana akaichukua karatasi taratibu, akaikunja, akaitia chini ya mkeka.

"Si rafiki yangu, bibi," akasema. "Tunasoma darasa moja tu."

Tukaaga, tukaondoka.

Kesho yake Chiriku alimwomba yule msichana msamaha mbele ya darasa zima. Alijibiwa neno moja: "Nimesikia." Mpaka naandika haya imepita miezi minne, na hakuna la pili lililoongezwa. Shamba la shule tumelipanda upya, mimi ndiye nawafundisha kila Ijumaa, na wale wawili wanapalilia mistari tofauti. Sitawalazimisha. Msamaha hauamriwi kama usafi wa darasa.

Ninachowaachia ni hiki. Ukiwa na hasira, hata kama ni ya haki, mwache mwenzio amalize sentensi yake. Na ukimsikia mwanao anacheka maisha ya mtu, usipite tu ukasema ni utoto. Sogea, sikiliza vizuri. Huenda ni wewe unayechekwa.