Tundu la Ukuta wa Jikoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwaka ule wa mvua za El Nino, mavyaa wangu alisimama jikoni kwetu Msambweni akitazama tundu ukutani. Lilikuwa karibu na meko, la kutosha kuingia bakuli, na nililichimba mimi kwa kucha zangu. Mwanangu, ukuta wa udongo ukirowa ulikuwa ukinukia mpaka mate yananijaa kinywani. Nilikuwa na mimba, na wanawake wote walisema mwenye mimba asinyimwe udongo.

Nilikuwa nachoka, we acha tu. Nikienda kisimani moyo unanienda mbio, masikio yanavuma. Mavyaa, huyo bibi yako mzaa baba, alikuwa akiniita mvivu. Siku hiyo alinishika uso, akanivuta jicho kwa chini, akaona ndani kumekuwa kweupe.

"Kumbe si uvivu," akasema taratibu. "Mwanangu, huna damu."

Hospitali walinipima damu na choo. Muuguzi akatueleza kuwa malaria ilikuwa imeniharibia damu, na safura, wale minyoo walioniingia nyayoni nikilima peku, walikuwa wakinyonya iliyobaki. Udongo nao ulizuia chakula kunijenga. Hata ile hamu yenyewe, akasema, mara nyingi huja damu ikipungua. Nikaongezwa damu ya baba yako, lakini tulikuwa tumechelewa. Nilijifungua kabla ya wakati. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza. Angekuwa kaka yako mkubwa.

Niliporudi nyumbani, mavyaa alikuwa ameshaliziba lile tundu.

Sasa sina nguvu za kugomba nawe. Jana nikifua leso yako nilikuta udongo umefungwa pembeni, ule unaouzwa sokoni Ukunda. Nikaurudisha palepale, nikakaa kitako kwanza.

Mwanangu, nakuona nawe unavyochoka; usiuzoee uchovu huo ukadhani ni mimba tu. Nenda kliniki kesho, wakupime, waitafute sababu, maana dawa ya malaria siyo ya minyoo, na mchicha peke yake hautoshi. Shambani vaa champali, usiende peku. Lala ndani ya chandarua. Vidonge vya damu wakikupa vimeze, hata vikikuchafua tumbo. Na huo udongo nipe mimi niutupe.

Mwenyezi Mungu akujaze damu, wewe na huyo uliyembeba. Naye akizaliwa alie, mwanangu, alie mpaka majirani wakasirike.