Vidonge Vilivyobaki

Kila nikipita sokoni penye usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, harufu yao hunirudisha uani kwetu Mbinga.

Mdogo wangu alikuwa na malaria. Dada wa duka la dawa alimwambia mama mbele yangu, "Hata akianza kucheza, amalize vidonge vyote. Na msimgawie mtu mwingine."

Kesho yake bibi mzaa baba akapanda kutoka ziwani na kikapu cha usipa. Alikuwa ameacha mjukuu mwingine nyumbani, anachemka homa. Akamtazama mdogo wangu akiruka kamba.

"Huyu si amepona? Nipe vilivyobaki nimpelekee mwenzake."

"Mama, tumeambiwa amalize," mama akamjibu.

"Amalize nini, na anaruka hivi?"

Mama akaingia ndani akavileta. Kumnyima mkwewe, kikapu kikiwa bado miguuni pake, hakuweza. Bibi akavifunga vidonge kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Mdogo wangu aliendelea kuruka, mimi macho kwake. Kila alipoacha kamba apumzike, nilikimbia kumgusa shingo, nikakuta mkono wa mama umeshafika.