Kahawa ya Meja Iliyopoa

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Maskati, Meja alinikalisha nyuma ya bega lake na kuniambia, "Nikicheka, cheka. Nikikasirika, nawe kasirika." Huo ndio ukalimani niliofunzwa, nyinyi vijana wa vyeti mtanisamehe. Yeye alikuwa Mwingereza aliyeazimwa jeshi la Sultani. Mimi nilikuwa nimetoka Unguja baada ya mapinduzi, sina kitu ila Kiingereza cha skuli.

Miaka ile naiona kama kwa nyuma ya pazia jeupe: jua, majabali, vumbi la Matrah, na sauti yangu ikisema maneno ya mtu mwingine. Siku nyengine nilirudi nyumbani sijui nawaza kwa lugha gani.

Langu lilikuwa moja tu. Mama alikwama Dubai kwa jamaa, akingoja ruhusa ya kuingia. Kila nikiomba naambiwa bukra, na kesho yenyewe haifiki.

Asubuhi moja tulikwenda kwa sheikh aliyeshika mambo ya ruhusa, kuzungumzia maji ya kambi. Maji yakakubaliwa, kahawa ikaletwa. Meja akaweka kikombe chini, hakukigusa. Nilishtuka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfahamisha kuwa mgeni mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe.

"Mbona hunywi?" sheikh akauliza.

"Mwambie sinywi mpaka mama wa mkalimani wangu aingie Maskati."

Nikafasiri huku machozi yananitoka. Sheikh alitutazama sana, kahawa ikapoa.

"Kunywa," akasema. "Atakuja."

Na kweli mama akaja, na cherehani yake. Tangu siku hiyo hakusali bila kumwombea Meja.

Meja alirudi kwao, akaacha jeshi, akaingia siasa upande wa Wahafidhina, akawa mbunge. Siku moja tukamsikia redioni, sauti ile ile ya upole. Alisema wageni wanaotoka Afrika Mashariki wamezidi, mlango ufungwe.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikamfasiria yote, sikupunguza neno.

Mama akasimamisha cherehani yake. Kisha akasema, "Kwani hao hawana mama zao?"

Hata hivyo aliendelea kumwombea mpaka alipofariki. Mimi nimestaafu, wakati ninao tele, na dua hiyo bado sijaweza kuitamka.