Vitanzi Sitini na Nne

Shilingi mia moja na kumi, rafiki yangu. Gundi mia, wembe kumi. Fundi wa kapeti alikuwa ameniitisha elfu tatu na mia tano kuziba kapeti yangu iliyonyofoka, nikamuuliza kama bei hiyo ni pamoja na nyumba. Akashuka hadi elfu tatu, nikamwonyesha mlango kwa heshima. Kisha nikapiga magoti sebuleni na ile kulabu ya nyanya ya kufumia vitambaa, na harufu ya gundi ikanirudisha kwake, nikiwa na miaka tisa.

Kapeti ni ile ile. Nyanya aliinunua soko la Kibuye, mtumba, rangi ya chai yenye maziwa machache, baada ya kubishana na muuzaji mpaka jua likawa la utosi. Hakuinunua kwa starehe. Shangazi yangu alikuwa ameposwa, na mama wa bwana harusi alisikika kwenye meza za samaki kule Dunga akisema mwanawe anaenda kuoa kwa watu wa sakafu ya udongo. Habari zilimfikia nyanya. Alienda sokoni.

Wageni walikuwa waje Jumamosi. Ijumaa, baada ya shule, nilitumwa kufagia sebule. Karibu na mlango nikaona uzi umejitokeza, nikadhani ni uchafu, nikavuta. Ukanifuata. Kapeti ya aina ile ni uzi mmoja mrefu uliokunjwa vitanzi vitanzi. Ukivuta kimoja, majirani zake wote wanakuja. Kufikia mguu wa meza nilikuwa nimeshika uzi kama mshipi wa kuvulia, na nyuma yangu mstari wenye upara. Nikafanya kama mhalifu yeyote: nikachoma ushahidi, chini ya sufuria ya maharagwe.

Nailoni haina siri. Harufu ilimfikia nyanya uani, akianika dagaa wa omena, kabla sijafuta mikono.

"Umepika kapeti, nyakwara," alisema. Ndivyo alivyotuita sisi wajukuu, hata akiwa na hasira. "Haya. Kesho tutawapakulia na ugali?"

Hakunichapa. Ningependelea anichape. Alinituma kwa fundi wa viatu jirani nikaombe gundi kwenye kifuniko cha chupa. Niliporudi, sofa ilikuwa imesukumwa kando. Kutoka chini yake, mahali ambapo macho ya mgeni hayafiki, nyanya alikuwa amechomoa uzi taratibu, akauviringisha kwenye kidole gumba.

"Hesabu vitanzi vya mstari wa jirani."

"Sitini na tatu, Dani," nilisema, kwani ndivyo nasi tulivyomwita nyanya.

"Hesabu tena."

Sitini na nne.

"Unaona? Hicho kimoja ndicho yule mama angekiona."

Akapaka gundi kwenye upara, kidogo kama chumvi ya mgonjwa. Mimi nikashika njiti ya kiberiti ya kupimia urefu. Kulabu ikashuka, ikasukuma uzi, ikatoka, kitanzi kikasimama. Kila kimoja nilikihesabu kwa sauti. Maharagwe yakaungua, na hakuna aliyeinuka.

Jumamosi, mama wa bwana harusi alivua viatu, akakanyaga pale pale, akaketi. Mguu wake ukawa unapapasa ule mstari, huku na huku, nami nimesimama na trei ya soda. Akainama akatazama.

"Mama, hii kapeti mlitoa wapi? Ni mpya kabisa!"

"Hiyo?" nyanya akasema. "Ya zamani tu. Kunywa soda, mama."

Wazee walipotoka nje kuzungumza mahari, ng'ombe aliongezeka mmoja. Baba aliapa ni ufasaha wake. Mimi na nyanya tulijua ni kapeti. Ng'ombe huyo sijapewa hata ukwato.

Nyumba ile sasa ina vigae na wapangaji, na nyanya hayupo. Kapeti nilirithi mimi, na kila ikinyofoka naiziba kwa uzi wa chini ya sofa. Juzi nilitumia wa mwisho: vitanzi ishirini na saba, nimevihesabu mara mbili. Umebaki upande mmoja usioguswa, pale kiti cha nyanya kilipokaa miaka yote, kikaacha mashimo manne ya miguu yake. Wanangu nao wamepata baiskeli, na wanaiendesha ndani.

Hebu nishauri, rafiki. Siku uzi ukihitajika tena, nichomoe pale?