Siku Nilipokata Kamba ya Maksai wa Kina Masanja

Mimi nacheka nikisimulia, lakini nyie msinifuatishe, maana hiki ni kicheko cha kuficha uso, na tangu mahafali yale kuna njia za hapa Mpanda ambazo mchana sizipiti.

Tulikuwa kidato cha tatu, na kwenye mahafali ya kidato cha nne klabu ya Kiingereza ilipewa nafasi kidogo iwaonyeshe wazazi tunachojifunza. Mwalimu akanipa neno "cut" (alinichagua kwa kuwa sina aibu, alisema mwenyewe), nieleze matumizi yake kwa vitendo. Nikaanza vizuri. Nikakata mkate, nikamkatiza mwenzangu katikati ya hotuba, nikajifanya natoroka kipindi nikachungulia dirishani, wazazi hawana mbavu. Ikabaki "cut loose", kumwachia aliyefungwa, na hiyo mwalimu alishasema niieleze kwa mdomo tu, nikae.

Sasa mimi na makofi. Pembeni ya uwanja walikuwepo maksai wawili wa baba yake Masanja, mwenzangu wa dawati moja, Msukuma anayeishi nje kidogo ya mji (mimi ni wa Majengo, ng'ombe namjua kwenye sufuria). Walikuwa wameleta maji ya sherehe, wametolewa nira, wamefungwa kwenye gurudumu la mkokoteni. Nikawaendea na kisu cha mkate.

"We, acha," Masanja akasema. "Huyo mwekundu haelewani na makelele."

"Tulia, msomi. Ni Kiingereza tu hiki."

Nikakata kamba ya yule mwekundu, watu wakapiga makofi, na makofi hayo hayo ndiyo yaliyomkurupusha, akapita katikati ya viti, mgeni rasmi akapanda mezani na suti yake, ng'ombe akazunguka nyuma ya madarasa, kisha tukasikia kishindo. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo la choo kipya. Miguu ya mbele imevunjika yote.

Wakamchinja humo humo. Jioni shule nzima ilikula nyama, isipokuwa wawili, mimi na Masanja.

Baba Masanja hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, mvua hizo zinakuja. Huyu aliyebaki atalima na nani?"

Maksai hufundishwa wawili wawili. Mmoja akiondoka, aliyebaki anaanza upya na mgeni, na lazima mtu awatangulie akiwavuta msimu mzima. Mvua ilipoanza, mtu huyo akawa Masanja, dawati likawa langu peke yangu. Nimeapa, makofi ya watu sitayatafuta tena kwa mali ya mwenzangu.

Jumamosi moja nikawafuata shambani.

"Nipe kamba nivute mimi," nikamwambia Masanja.

"Simama hapo hapo," akasema, macho kwenye mtaro wa jembe. "Huyu mpya hajakuzoea."

Nikasimama. Wakafika mwisho wa shamba, wakageuza, wakarudi, wakanipita.