Ra ya Karurumo

Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha kwaya ya kanisa letu hapa Karurumo, na kwa muda huo wote sikuwahi kukosea. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na nilihakikisha kila mtu anaamini. Kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi nilibandika kanuni kumi na moja kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ya tatu inakataza kutikisa mabega. Ya saba inasema mwimba besi asitabasamu, kwa sababu tabasamu hupandisha sauti. Sijui jambo hilo nililisoma wapi. Nadhani nililitunga.

Mimi ni Njagi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkulima wa kahawa, mashina mia mbili, na mtu anayesikia kosa kabla halijafanyika. Kwenye mashindano ya kwaya za huku kwetu mimi huwa jaji. Wanakwaya wa Kanja walinipa jina la Bwana Toa Mbili, maana hakuna wimbo niliowahi kuusikia nikakosa alama mbili za kutoa. Nilipopata habari za jina hilo nilifurahi sana.

Sasa, Mukami. Mukami aliniimbia soprano miaka tisa, tangu akiwa kidato cha pili, na hakuna niliyemsahihisha kama yeye, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sauti kama yake. Baadaye akapata kazi Meru mjini, katika duka la dawa za mifugo, akaenda. Mwaka haukuisha akanitumia video kwenye simu. Chini yake ameandika: "Mwalimu, hii ndiyo kwaya yangu mpya. Usikasirike."

Nilikasirika. Watu ishirini na sita jukwaani, wote wamevaa nguo za kwenda kanisani, suti na magauni yaliyopigwa pasi, na miguuni kila mmoja ana gambuti za manjano, vile viatu virefu vya mpira vya matopeni. Vayolini tatu. Mzee mmoja aliyekuwa katika bendi ya polisi zamani, na tarumbeta lake lililojikunja. Ngoma, gitaa la umeme, kinanda, na nyuma yao kwaya kamili ya sauti nne. Wanajiita Ukungu na Wenzake. Wimbo wenyewe ulikuwa wa dakika tisa na ulihusu kungojea githeri iive, mahindi na maharagwe chunguni. Sauti ya kwanza inauliza kama imeiva, sauti ya nne inajibu bado, na kila ikijibu bado vayolini zinapanda, halafu wote wanakanyaga chini na gambuti zao kwa pamoja.

Nikampigia simu hapo hapo. "Mukami, hii ni kwaya ama ni disko?"

"Ni zote mbili, Mwalimu. Si ukuje tu Saturday ujionee."

Nikamwambia nitakuja, lakini kumrudishia akili zake.

Walikuwa wanaimbia huko Meru, katika ukumbi wa chama cha ushirika, saa nane mchana. Nilikaa safu ya mwisho na daftari langu la ujaji juu ya goti. Wimbo wa kwanza nikaandika: mabega, toa mbili. Wa pili: besi wa kushoto anatabasamu, toa mbili. Wa tatu nikaandika kitu kuhusu gambuti ambacho si vizuri kukirudia hapa. Wimbo wa nne ulikuwa wa mtu aliyesimama kwenye foleni ya mbolea akamkumbuka mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye foleni hiyo zamani. Mukami alianza peke yake, chini kabisa, chini kuliko nilivyowahi kumruhusu. Kisha wakaingia wote, na lile tarumbeta, na vayolini, na nikahisi kifua kimenifunguka kama mlango wa ghala. Sikuandika kitu. Nilipolitazama daftari lilikuwa na tone la maji, na paa la ukumbi ule halivuji.

Mama aliyeketi kando yangu akanipa kipande cha tishu. "Pole baba. Hata mimi mara ya kwanza ilinishika hivyo."

Nikamwambia ni mafua.

Nasema wazi kwamba niliipenda ile bendi, kwa sababu kuficha kulinishinda. Nina miaka sitini na mmoja. Nilianza kupogoa kahawa nikiwa na vidude vya simu masikioni, na siku moja mke wangu Kathambi alinikuta katikati ya mistari nikikanyaga udongo kwa gambuti zangu nyeusi, mikono juu.

"Baba Ciku, ni nyoka?"

"Ni fuko," nikasema.

Alinitazama kidogo, akarudi jikoni akicheka. Kwenye kwaya, ili mtu yeyote asinishuku, nilizidisha ukali. Nikaongeza kanuni ya kumi na mbili: ni marufuku kuimba kuhusu chakula.

Mwezi wa tano Mukami akanieleza kwamba besi wao mmoja amepata kazi Qatar. Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilitaka nafasi ile. Nilitaka gambuti za manjano kama mtoto anavyotaka viatu vya Krismasi. Lakini kuomba sikuweza, kwa maneno niliyokuwa nimeyasema, kwa hiyo nikangoja nibembelezwe. Wiki tatu zikapita, hakuna aliyenibembeleza.

Halafu akapiga simu Kailemia. Huyo ndiye kiongozi wa bendi, kijana Mmeru wa Tigania anayefundisha hisabati sekondari na aliyesomea muziki chuoni. Walikuwa na wimbo mpya ulioshindwa kumalizika. Walihitaji noti tano tu za besi pale mwisho, na Mukami alikuwa amemwambia kwamba besi naijua mimi. Mukami mwenyewe alikuwa hapo kando yake, simu iko kwenye spika. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maziwa hapa Karurumo, na nyuma yangu, na mtungi wake, amesimama Mutugi, mzee wa kanisa na besi wangu wa miaka yote. Ningewezaje kuimba hapo, Mutugi asikie ninaitungia bendi ya gambuti? Basi nikageukia ukutani nikazitamka zile noti kwa kunong'ona, mtu angedhani nasoma namba ya simu.

"Do. Fa. Ra. So. Do."

Kailemia akarudia. "Ra, Mwalimu?"

"Ra."

"Uko sure? Ra kabisa?"

"Kijana, nilianza kufundisha solfa kabla hujazaliwa. Ra."

Nikakata simu. Mutugi akauliza ni nani. Nikamwambia ni mtu wa chanjo ya ng'ombe.

Baada ya wiki mbili nilikuwa tena safu ya mwisho, safari hii bila daftari, nikingojea noti zangu. Hazikuwa za ajabu. Ni mwisho wa kawaida wa wimbo wa kanisa, ambao shangazi yako anaweza kuuimba akifua. Besi wakaanza: do, fa. Halafu noti ya tatu wakaenda mahali ambapo sikuwa nimewatuma. Wakashuka kwenye giza moja zito, na vayolini zikawafuata huko, na tarumbeta, na Mukami juu yao akashikilia sauti mpaka watu wakaacha kupumua. Ndipo wakarudi so, do, nyumbani. Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Sisi Waembu hatuna l. Lugha ya nyumbani haina, na ulimi uliolelewa na r hautaki mgeni. Lori kwetu ni rori. Ile noti ya sita ya solfa, inayofuata do re mi fa so, ambayo dunia nzima huiita la, mimi huiita ra, na masikioni mwangu yote mawili ni neno moja. Ila kwenye solfa ra nayo ipo. Ni re iliyoshushwa nusu, noti ambayo kanisani unaweza kukaa miaka kumi usikutane nayo. Kwao Kailemia l wanayo ya kutosha, na ra ameisoma chuoni. Aliandika alichosikia.

Baada ya onyesho akanifuata akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu, hiyo ra uliitoa wapi? Nimekaa na hiyo wimbo three months na singeweza kuifikiria." Akageuka akachukua kitu nyuma ya spika. Gambuti za manjano. "Tunataka ukuje kwa besi."

Niliziangalia zile gambuti. Mimi ndiye niliyewahi kumkata mtoto wa darasa la tano alama mbili kwa kusema kwamba wimbo ameutunga yeye na kumbe ni wa dadake.

"Ni mtindo wa zamani," nikasema. "Kuna wazee walinifundisha."

Jumamosi iliyofuata nikaenda mazoezini. Gambuti zilikuwa namba nane, na mimi huvaa kumi, lakini nilizivaa. Kailemia akawanyamazisha wote wanisikilize, akanipa karatasi ya wimbo mwingine mpya niwasomee besi. Noti zilikuwa zimeandikwa kwa herufi, kama kawaida. Nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya ujaji:

"So, ra, so, mi, ra, ra, so."

Kailemia akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi. Mtu wa hisabati hachukui muda.

"Mwalimu," akasema polepole. "Hiyo ni la."

"Ndiyo. Ra."

Hapo nikajisikia mwenyewe. Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Nikainama nizivue gambuti nirudi kwetu, lakini mguu wa kulia ukakwama. Nikawa naruka kwa mguu mmoja katikati ya watu ishirini na watano, yule mzee wa tarumbeta amenishika kiuno nisianguke, na nikiwa hivyo ndipo niliposema ukweli. Kwamba nilimaanisha ile noti nyingine. Kwamba hakuna wazee wowote. Kwamba nilitamani gambuti.

Kailemia akamgeukia Mukami. "Ile siku ya simu ulikuwa hapo. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Niliskia vile inatoka nikaona iko poa." Kisha akanitazama mimi, si kwa ubaya. "Na sisi tumezoea. Kwaya yote Karurumo inajua. Mwalimu akisema ra, tunaimba la. Mtu mgeni akiingia, hiyo ndiyo kitu ya kwanza anafundishwa, kabla ya zile rules za ukuta."

Miaka ishirini na miwili. Kumbe kulikuwa na kanuni ya kumi na tatu, nao waliitunza bila kuiandika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Watu niliowakatia alama kila wiki, hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatia mimi.

"Rudisha mguu, Mwalimu," Kailemia akasema. "Noti inabaki. Na wewe unabaki."

Sasa mimi ni besi wa pili kutoka kulia katika Ukungu na Wenzake, na natabasamu kinyume cha kanuni yangu mwenyewe. Lakini nilirudi Karurumo nimeamua kujirekebisha. Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi ya ulimi nikimkamua ng'ombe: lori, lala, Limuru. Alhamisi moja nikaingia kwenye mazoezi ya kwaya, nikabandua kanuni zote ukutani, nikasimama mbele yao. Nikauweka ulimi mahali pake, nikawaelekezea kidole.

"So, la, so."

Hakuna aliyeimba. Wakatazamana. Sauti ya kwanza ikageukia ya pili, ya tatu ikainamisha macho. Mwishowe Mutugi akainua mkono, taratibu, mtu asiyetaka kumkosea mwalimu wake heshima.

"Mwalimu, hiyo ni gani?"

Nikawaangalia nyuso moja moja. Macho yakaniuma, na siku hiyo sikuwa na mafua.

"Ra," nikasema.

Wakaimba la, sauti zote nne, na hakuna aliyekosea.