Vibuyu vya Mama Nakijwa

Sisi tuliokula yanga tunajuana hata bila kusalimiana. Ukimwona mtu hapa Same mjini anamaliza ugali kisha anafuta sahani kwa kidole, ujue huyo ni mwenzetu. Utoto wake ulipita katika miaka ile ambayo duka la kijiji lilikuwa na kaunta, mizani na muuzaji, ila halikuwa na kitu cha kupima. Unga wa mahindi ya njano, ndiyo yanga yenyewe, ulipofika, watu walipanga foleni tangu alfajiri, na bado tuliulalamikia kwamba unanuka. Sabuni ikikosekana tulifulia majani ya mpapai, na sare zetu zikawa na rangi ambayo mwalimu mwenyewe hakujua aiiteje. Miguuni tulivaa katambuga za tairi, tena mwenye katambuga alijiona mtu.

Lakini nakumbuka tulicheka sana. Kwetu ni milimani, Upare wa kusini, mahali ambapo ukungu hukaa mlangoni mpaka jua lipande, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Tulikuwa tukichukua gome la mgomba, tunakaa juu yake wawili wawili, dada yangu Namsifu mbele na mimi nyuma nimemshika kiuno, tunateleza mteremko wa shule mpaka chini kwenye mfereji. Aliyeingia majini alirudi nyumbani amelowa, akachapwa, na kesho yake alikuwa wa kwanza kupanda tena. Siku hizi nawaona watoto wa mjini wakinunuliwa magari ya plastiki. Wanayasukuma sakafuni kidogo, halafu wanamfuata mama yao kumwambia hawana la kufanya.

Jioni tulizunguka mafiga tukingoja makande. Mahindi na maharage yalichemka tangu mchana, na harufu yake ilitosha kumfanya mtoto mkaidi akubali kunawa miguu. Chai tulikunywa kwa maji ya miwa, maana muwa ndio uliokuwa sukari yetu. Muwa huohuo ndio uliotengeneza dengelua, pombe ya kwetu. Miwa inatwangwa, maji yake yanakamuliwa na kutiwa kwenye vibuyu pamoja na tunda la mvungunya lililokaushwa, kisha vibuyu vinawekwa mahali pa joto. Kesho yake yale maji yanatoa povu na kusema yenyewe.

Katika mtaa wetu wa kanisa, dengelua ilihubiriwa kuliko uchawi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye maneno machache, na nyumbani kwetu pombe haikuingia hata kwa mlango wa nyuma. Mkristo aliyepika au kunywa alitengwa: hakushiriki Chakula cha Bwana, na ibadani alikaa benchi la mwisho hadi atubu. Miaka ile aliyekaa pale alikuwa mmoja tu, Mama Nakijwa, jirani yetu. Alikuwa mjane, binti yake alikuwa amefariki na kumwachia mjukuu, na chakula cha yule mtoto kilitoka kwenye vibuyu vya dengelua. Wazee waliomtenga walikuwa wanne, na baba alikuwa mmoja wao. Mama Nakijwa hakukosa ibada hata siku moja. Alikaa nyuma peke yake, akaimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko kwaya.

Sisi watoto wa shule ya Jumapili tulibishana juu ya jambo hilo kuliko hesabu. Namsifu alisema Bwana Yesu aligeuza maji kuwa divai kule Kana, basi divai haiwezi kuwa dhambi. Mtoto wa mwinjilisti alijibu kwamba ile ilikuwa juisi ya zabibu, baba yake amesema. Namsifu akamwuliza tangu lini watu harusini wakasifia juisi kiasi kile. Alifinywa sikio na mwalimu, lakini swali lake halikufinyika.

Sasa mwaka mmoja mvua za vuli zilikuja kwa hasira, zikaporomosha ukingo wa shamba letu juu ya mfereji, kisha zikakatika kabisa. Udongo na mawe vikaziba maji. Mahindi yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, na chini yetu kulikuwa na mashamba ya watu wengi waliokunywa maji ya mfereji uleule. Kwa desturi ya Wapare, kazi ya namna hiyo ni msaragambo: kijiji kizima kinatoka na majembe, na yule ambaye ukingo wake umeanguka ndiye anayewaita watu na kuwapa chakula. Na pamoja na chakula, dengelua. Msaragambo bila dengelua hakuna aliyewahi kuuona.

Mzee Mbazi, msimamizi wa mfereji, alikuja kumweleza baba hayo, ingawa baba aliyajua. Alimwambia kwa upole kwamba watu ni watu, na jembe halitembei kwa koo kavu. Baba akamkumbusha kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Mzee Mbazi akajibu kwamba anajua, na mahindi nayo yanajua, lakini hayawezi kungoja. Akaaga.

Siku ile baba hakugusa makande. Akipika, anatengwa. Asipopika, watu hawaji, au wanakuja na kusimama wameegemea majembe, na njaa inayofuata si ya nyumba yetu peke yake. Duka la kijiji wote tulilijua.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema atakamua miwa na kutia tangawizi, anywe mtu maji ya miwa matamu yasiyo na dhambi yoyote. Miaka ile isiyo na sukari, utamu mtupu ungetosha kumtoa mtu kitandani. Tatizo lilikuwa vyombo. Sisi tulikuwa na vibuyu vidogo vya maziwa, na vikubwa vya kutosha kijiji alikuwa navyo Mama Nakijwa peke yake. Mama alitutuma, mimi na Namsifu, lakini kisha akaona aibu ya kumtuma mtoto kwa mtu tuliyemtenga, akatufuata mwenyewe.

Mama Nakijwa alivitoa vyote bila kuuliza. Alipokuwa akitutwika alisema, "Mama Namsifu, hivi vioshe kwa maji ya moto, tena si mara moja. Vibuyu vyangu vina kumbukumbu ndefu kuliko wazee wa kanisa."

Mama alicheka kwa haya, akadhani anapigwa kijembe kwa ajili ya lile benchi. Nyumbani kuni zilikuwa zimelowa, akavisuuza kwa maji baridi. Mwanamke mwingine yeyote kijijini angejua kwamba nyuzi za mvungunya hujishika ndani ya kibuyu na kukaa humo zikingoja muwa. Mama hakujua, kwa sababu hakuwahi kuipika. Tulikamua miwa Ijumaa kutwa, akajaza vibuyu, na kwa kuwa milimani kuna baridi na hakutaka kuwapa watu kinywaji cha kuumiza meno, akavipanga vyote karibu na mafiga. Mpishi wa dengelua wa miaka arobaini asingevitunza vizuri zaidi.

Jumamosi watu walikuja wengi. Walikuja wakiwa na mashaka, maana habari ya tangawizi ilishasambaa, na vijana walikuwa wakimtania Mzee Mbazi kwamba leo atachimba kwa maombi. Mwinjilisti wetu alikuja na jembe lake, akavua koti, akafanya kazi kama mtu wa shamba. Ilipofika saa ya kupumzika, makande yakapakuliwa na bakuli la kwanza la kinywaji akapewa yeye. Akafumba macho, akakiombea kinywaji baraka kwa kirefu, kisha akanywa.

Akatazama ndani ya bakuli. Watu wote walimtazama yeye.

"Mama Namsifu," alisema taratibu, "tangawizi yako ni kali."

Akanyoosha bakuli aongezewe.

Basi bakuli zikazunguka, na kila aliyekunywa akasifu tangawizi. Wazee wa kanisa walisifu tangawizi. Mzee Mbazi alisema tangu azaliwe hajaonja tangawizi kama ile, na wanawake wakajifunika midomo kwa khanga. Baba naye alikunywa, akaomba aongezewe, akanywa tena, bila kuitaja tangawizi. Kazi iliyobaki ilikwenda kwa nyimbo. Mawe ambayo asubuhi yaliwashinda watu, mchana yaliondoka, na kabla jua halijagusa mlima maji yalipita yakishuka kwa kelele kuelekea mashamba ya chini. Sisi watoto tuliyafuata tukikimbia ukingoni, na nilidhani hakuna siku nyingine itakayofanana na ile.

Mama alijua alipokuwa akiosha vibuyu jioni. Alichungulia ndani, akanusa, akakaa chini. Akamwambia baba. Kisha akajipa moyo, akasema, "Lakini Baba Namsifu, nani atauliza? Kila mtu amesema ni tangawizi. Hata mwinjilisti."

Baba alimjibu tu kwamba amesikia, walale.

Kesho yake ibadani, matangazo yalipokwisha, baba alisimama. Nakumbuka alivyoshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakuwa msemaji, na nadhani mimi nimerithi kwake ugumu huu wa kusema mbele za watu.

"Jana niliwapa pombe," alisema. "Bakuli la kwanza sikujua. La pili nilijua. Na mama yule pale nyuma nilimtenga mimi, kwa kitu ambacho jana niliomba niongezewe."

Akatoka benchi la wazee, akatembea katikati ya kanisa lote hadi nyuma. Sisi watoto tulikaa karibu na pale, tukamwona Mama Nakijwa akimsogezea nafasi. Alimwambia, "Karibu, Baba Namsifu. Huku kuna upepo kidogo, utazoea."

Jumapili iliyofuata Mzee Mbazi alikaa nyuma. Kisha wazee wa kanisa nao wakahamia nyuma mmoja mmoja. Baada ya hapo benchi la mwisho likajaa kuliko ya mbele, na vijana waliochelewa wakalazimika kwenda kukaa mbele kama watakatifu. Mchungaji alipokuja mtaani kwetu kugawa Chakula cha Bwana, hakupata mzee wa kumshikia kikombe. Akauliza kumetokea nini. Mwinjilisti akamweleza yote, na sehemu yake mwenyewe hakuiruka.

Mchungaji aliwaita mmoja mmoja, wakatubu, akawarudisha. Mama Nakijwa akaja wa mwisho. Akaulizwa kama ataacha kupika. Angeweza kusema ndiyo, kama wengi wanavyosema, na Jumatatu akatwanga miwa. Alisema, "Mchungaji, sitaki kudanganya mahali hapa. Mjukuu wangu anakula kutokana nayo." Kisha akarudi kukaa mahali pake.

Siku ile baba alipiga magoti mbele na kupokea. Alipoinuka, watu walimsogezea nafasi kwenye benchi la wazee. Akapita. Akaenda nyuma akakaa karibu na Mama Nakijwa, na hapo ndipo alipokaa Jumapili zote, mzee wa kanisa aliyekusanya sadaka kuanzia nyuma kwenda mbele. Nilipomwuliza nyumbani kama sasa kunywa ni ruhusa, alinitazama kwa mshangao. Alisema yeye hatakunywa tena, na mimi nisinywe. Akasema, "Mwanangu, usiweke kinywani kitu unachoogopa kukitaja kwa jina." Vibuyu vile mama alivirudisha akiwa amevisugua kwa maji ya moto, pamoja na debe la mahindi, na kila mavuno alipeleka jingine.

Mama Nakijwa aliacha kupika miaka kadhaa baadaye, na haikuwa kwa mahubiri. Zilipokuja siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa, barabara ya mlimani ilianza kupandisha malori ya bia, na vijana wakaona haya kushika kibuyu wakati mwenzao ameshika chupa. Dengelua ikakosa wanywaji. Mjukuu wake alikuwa amekua, akapanda tangawizi, wakaishi. Jumapili aliyorudi kwenye Chakula cha Bwana, baba alimshikia kikombe.

Mimi sinywi. Nashona hapa mjini, cherehani yangu inatazama barabara kuu, na wenzangu wa kwaya wananitania kwamba nimezeeka kabla ya kuolewa. Wananitajia Kana, wananitajia Timotheo aliyeshauriwa divai kidogo kwa ajili ya tumbo, na wengine wananijibia kwa Mithali kabla sijafungua mdomo. Maandiko wanayajua kuliko sisi tulivyoyajua. Mimi nasema tu kwamba Mkristo ataishi vizuri zaidi bila pombe, nami sina shaka, ila sikulijua hilo kwa kushinda mabishano.

Mwaka huu mmoja wetu, mwimbaji mzuri wa besi, ameanza kunywa. Maduka yamejaa sukari, sabuni na bia za kila rangi, na baa za barabarani zimeweka viti vya plastiki vyeupe hadi ukingo wa lami. Hakuna aliyemtenga, maana siku hizi tumestaarabika, hatuingilii mambo ya mtu. Aliacha mazoezi, kisha akaacha ibada, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Enzi zetu tulikuwa wakali, nakubali, tena wakali kupita kiasi. Lakini yule mama tuliyemtenga tulijua kila Jumapili yuko wapi, tulimsikia akiimba, na palikuwa na mtu aliyekwenda kukaa naye. Huyu wa kwetu tunamwona kila jioni tukitoka mazoezini, amekaa peke yake kwenye kile kiti cheupe. Tunampungia mkono, naye anatupungia, nasi tunapita.